Nyota Iliyopasuka na Jirani Anayeshitakiwa

Tangu zamani mtu aonaye jambo geni mbinguni huuliza upesi: Limekuja kwa ajili ya nani? Haulizi kwanza ni kitu gani, wala kimetoka wapi. Mwezi ukipatwa, au kimondo kikipita na mkia wake wa moto, mawazo yake hushuka duniani kumtafuta anayehusika: mkubwa atakayekufa, vita vitakavyoingia, au jirani aliyetamka laana. Swali hilo lastahili kupimwa kwa uangalifu, kwa maana majibu yake yamekwisha kuwafukuza watu katika nyumba zao, na wengine yamewatoa uhai. Mkatekumeni naye atapaswa kulijibu siku moja. Si darasani, bali penye matanga, watu wakiwa na uchungu na macho ya wote yakimgeukia mtu mmoja.

Habari ya nyota moja itasaidia kulipima.

Tarehe 19 Mei 2023, huko Yamagata katika nchi ya Japani, mzee aitwaye Koichi Itagaki alielekeza darubini yake kwenye kundi la nyota ambalo wataalamu huliita M101. Yeye si mwalimu wa chuo kikuu. Hutazama nyota kwa kupenda tu, na kwa miaka mingi ya kukesha amegundua zaidi ya nyota mia moja za namna hiyo. Siku ile aliona nukta ya nuru mahali ambapo hapo kwanza hapakuwa na kitu. Habari ikaenea upesi duniani kote. Kisha ikajulikana kwamba watu wengine walikuwa wamekwisha kuipiga picha saa chache kabla yake: nyota mpya ilikuwamo katika picha zao, nao hawakuitambua. Wataalamu waliipa jina la SN 2023ixf, jina kavu kama namba ya gunia, nalo halikukusudiwa kumtisha mtu.

Kundi kama M101 huitwa galaksi, yaani kusanyiko la nyota nyingi mno, elfu za mamilioni. Mkanda mweupe unaoonekana juu ya Kambove nyakati za kiangazi, mtu akisimama mbali na taa za viwanda, ndio galaksi ambamo jua nalo limo, ikitazamwa kutoka ndani. M101 ni nyingine, iko nje kabisa, na mikono yake imejizungusha kama kitako cha kikapu msusi anapoanza kukisuka. Macho matupu hayaioni. Lakini kwa darubini, katika jioni za mwezi wa Mei, hupatikana upande wa kaskazini wa Kambove, chini chini juu ya miti.

Nukta ile aliyoiona Itagaki ilikuwa nyota moja inayokufa. Nyota kubwa, yenye uzito kulipita jua mara nyingi, huishi kwa kuyeyusha ndani yake vitu vyepesi na kuvigeuza kuwa vizito, na kwa kazi hiyo hupata joto linalouzuia uzito wake usiubomoe. Mwishowe moyo wake huwa chuma. Chuma hakitoi joto kwa njia hiyo. Basi moyo huporomoka ndani yake wenyewe kwa muda usiofika sekunde moja, kama shimo lililokosa nguzo, na sehemu za nje hutupwa mbali kwa nguvu isiyoelezeka. Kufa kwa namna hiyo huitwa supanova. Katika galaksi ileile ya M101 ilikuwa imeonekana supanova nyingine tarehe 24 Agosti 2011, kwa darubini ya Palomar, Kalifornia, nayo ilikuwa ya jamaa tofauti: nyota ndogo iliyozeeka na kushikamana mno, ikawaka yote kwa mara moja.

Sasa msomaji atazame umbali. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hutoka juani na kufika duniani kwa dakika 8 na kidogo. Kutoka M101 hadi hapa nuru hiyohiyo husafiri miaka kama milioni 21. Kwa hiyo nyota ya Itagaki haikufa mwaka 2023. Ilikufa wakati ambapo duniani hapakuwa na mtu hata mmoja, hapakuwa na mfalme, wala mlozi, wala anayelozwa. Habari ya msiba wake ilikuwa njiani muda wote huo, nayo ikafika usiku wa mwezi wa Mei.

Wengine husema: Basi nuru hiyo ni uongo, kwa kuwa yaonyesha kitu ambacho hakipo tena. Sivyo. Barua ya mchimbaji aliyekwenda Kolwezi ikichelewa miezi mitatu, na mwandikaji akawa amekwisha kufa, barua haikuwa uongo. Ilisema kweli ya siku ilipoandikwa. Anayekosea ni yule asomaye barua ya mwezi wa Januari kana kwamba yasema mambo ya Aprili. Nyota ni shahidi mwaminifu. Hueleza ilivyokuwa nzito, ilivyokuwa imezungukwa na mavumbi iliyoyatema kabla ya kufa, jinsi ilivyopasuka na jinsi ilivyofifia siku baada ya siku. Lakini shahidi mwaminifu husema lile alilolijua, naye hunyamaza katika mengine. Juu ya ugomvi wa nyumba mbili za Kambove kuhusu mpaka wa shamba, nyota ile haina habari.

Tena nuru yake haikuja Kambove peke yake. Ilifika Likasi, ikafika Dar es Salaam, Roma na Tokyo, sawasawa, bila upendeleo. Kama ilikuja kumshitaki mtu, ni mtu gani kati ya mamilioni elfu nane?

Yafaa kukumbuka pia supanova iliyokuwa karibu zaidi. Tarehe 24 Februari 1987, huko Chile, Ian Shelton aliitambua katika picha aliyoipiga, na usiku uleule mwenzake Oscar Duhalde alikuwa ameiona kwa macho tu. Ilikuwa katika wingu la nyota la upande wa kusini, galaksi ndogo iliyo jirani na hii ya jua. Nuru yake ilisafiri miaka kama 160,000. Tangu mwaka 1604 hapakuwa na supanova iliyoonekana wazi hivyo. Kambove iko upande wa kusini wa ikweta, na wingu hilo huonekana kutoka huko. Mwezi wa Mei 1987, mvua zilipokwisha, nyota hiyo ilikuwa imefikia ukali wake wote, na mtu aliyetoka nje jioni aliweza kuiona upande wa kusini bila darubini. Wazee waliokuwa hai wakati ule waulizwe kama waliiona. Nyota iliyokufa ilikaa juu ya mapaa ya nyumba zao miezi kadhaa, na chini yake watoto walizaliwa, wagonjwa walipona, wengine walikufa, kama ilivyo katika kila mwezi wa Mei.

Jambo moja la mwaka ule litawapendeza watu wa migodi. Kabla nuru haijafika, chembe ndogo mno, zipitazo katika mawe kama hewa ipitavyo katika wavu, zilifika duniani kutoka katika moyo wa nyota hiyo. Zilinaswa katika matangi ya maji yaliyowekwa chini kabisa ya ardhi: tangi moja katika mgodi wa Kamioka nchini Japani, jingine katika mgodi wa chumvi katika jimbo la Ohio, Marekani. Zote pamoja zilikuwa kama ishirini tu. Habari ya mbinguni ilipokelewa kwanza na mashimo ya wachimbaji.

Na kuna undugu wa karibu kuliko huo. Supanova inapopasuka hutengeneza nikeli ya namna isiyodumu. Kwa siku 6 nusu yake hugeuka kobalti, na kobalti hiyo nayo haidumu, kwa siku 77 nusu yake hugeuka chuma. Joto la mageuzi hayo ndilo linaloyafanya mabaki ya nyota yaendelee kung'aa baada ya mlipuko kupoa. Nyota ya mwaka 1987 ilififia kwa mwendo uleule wa siku 77, na vyombo vilivyokuwa angani vilinasa mionzi iliyo ya kobalti na si ya kitu kingine. Kobalti ya Kambove ni ndugu wa hiyo, ila yenyewe ni ya namna inayodumu. Nayo kwa sehemu kubwa ilipikwa katika nyota za namna hii zilizokufa kabla jua halijakuwako, zaidi ya miaka milioni 4,600 iliyopita. Mchimbaji anayelibeba gunia lake kutoka shimoni hadi kwa mnunuzi amebeba mgongoni majivu ya nyota, ingawa mnunuzi halipi chochote kwa ajili ya hilo.

Asemaye kwamba nyota iliyopasuka ni pepo mwenye kinyongo apewe jiwe la Kambove alishike. Kilichopasuka kule ni cha jamii ya hili.

Hata jina la kobalti lina fundisho. Karne nyingi zilizopita, katika milima ya Saksonia, Ujerumani, wachimbaji walitafuta fedha. Mara nyingine walipata mawe yaliyofanana na yenye fedha, lakini yakitiwa motoni hayakutoa fedha ila moshi uliowaumiza watu. Wakasema kwamba pepo mkorofi wa mgodini, waliyemwita kobold, ameiba fedha na kuacha jiwe baya mahali pake. Kumbe ndani ya mawe yale ilikuwamo sumu ya arseniki, nayo ndiyo iliyowadhuru. Kiasi cha mwaka 1735 Georg Brandt wa Uswidi alionyesha kwamba katika mawe hayo mna metali ambayo haikujulikana, na jina la pepo likabaki juu yake. Leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kila gunia laitwa kwa jina la pepo aliyesingiziwa kosa la moshi.

Pepo wa Saksonia hakuumia kwa kusingiziwa. Jirani huumia. Katika nchi ya Wasukuma, Tanzania, bibi wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na watu wakasema wekundu huo ni alama ya uchawi. Macho ya bibi hao yalikuwa yamewashwa na moshi wa jikoni, moshi wa kuni na wa samadi, kwa miaka arobaini na hamsini ya kuwapikia watoto na wajukuu. Mjukuu aliyeshiba chakula kile aliweza kukua na kuwa miongoni mwa wanaonyoosha kidole.

Msomaji ajaribu pia kutazama ni nani apewaye tafsiri njema na ni nani apewaye mbaya. Mwaka 1054 Wachina waliona supanova iliyong'aa hata mchana kwa siku 23. Watazama nyota wa jumba la mfalme waliandika habari hiyo kwa uangalifu mwingi, hata leo wataalamu hutumia maandishi yao. Kisha wakamfasiria mfalme kwamba ni dalili njema kwake. Bila shaka! Ni nani angesimama mbele ya kiti cha enzi na kusema vingine? Ishara ikifasiriwa mbele ya mwenye nguvu huwa baraka; ikifasiriwa mbele ya mjane asiye na kaka wala mtoto wa kumtetea huwa hatia. Tofauti hiyo haikutoka mbinguni.

Mwafrika mmoja wa zamani, Augustino aliyekuwa Askofu wa Hippo, alilipima neno hili vizuri. Katika ujana wake yeye mwenyewe alivutwa na elimu ya kubashiri kwa nyota. Akasikia habari ya nyumba mbili: mke wa tajiri na mjakazi wa rafiki yake walijifungua katika dakika ileile, hata haikuwezekana kutofautisha nyota za watoto wao. Mtoto wa tajiri akakua katika mali na heshima. Mtoto wa mjakazi akabaki mtumwa, akiwatumikia mabwana wake. Nyota zilikuwa zilezile. Kilichowatenga ni mambo ya watu: nani alimiliki na nani alimilikiwa.

Lakini atatokea wa kusema: Je, Mungu aliyejua tangu mwanzo siku ambayo nuru ile itafika, hakuweza kuifanya iwe ishara? Na nyota ya Mamajusi je? Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mungu hashindwi na umbali. Ila katika habari ya Mamajusi yafaa kutazama watu wawili walioisikia habari ya nyota moja. Mamajusi walifunga safari, wakatoa mali zao, wakarudi kwao bila kumdhuru mtu. Herode aliuliza kwa bidii wakati nyota ilipoonekana, akahesabu miaka, akawaua watoto wa Betlehemu. Hesabu yake haikuwa mbaya; hofu ya kupoteza kiti chake ndiyo iliyoushika upanga. Anayetumia ishara kumtafutia mtu kifo hawezi kusema kwamba ametumwa na nyota.

Yako mengine magumu kuliko hayo, na elimu ya nyota hailitoshi. Shimo laporomoka baada ya mvua. Ndugu wawili walikuwa wakichimba. Mmoja alikuwa amepanda juu kunywa maji, mwingine amefukiwa. Mtu mwenye elimu aweza kueleza kwa nini ukuta ulianguka: udongo ulilowa, shimo lilikuwa refu, hapakuwa na miti ya kulishikilia. Mama wa marehemu husikiliza yote, kisha huuliza: Kwa nini mwanangu, na si mwingine? Kwa nini saa ile? Swali hilo si la kijinga, wala si la watu wasiosoma. Wenye shahada huliuliza hospitalini kila siku. Na elimu haina jibu, kama vile haisemi kwa nini nyota hii ya M101 ilipasuka na jirani yake ingali inawaka, ila kwa kutaja uzito na umri.

Hapo ndipo mganga au nabii mwenye kulipwa huingia. Yeye analo jibu: ni shangazi, ni mke wa pili, ni mtoto yule aotaye ndoto usiku. Mama alikuwa na shimo moja moyoni, naye hulifukia kwa mwili wa mtu mwingine. Wala shimo halijai. Mwaka wa pili atauliza tena, na jina jingine litatajwa.

Tena katika kelele hiyo maswali yenye majibu hupotea. Ni nani aliyewatuma vijana shimoni siku moja baada ya mvua? Miti ya kushikilia kuta iliahidiwa, ikanunuliwa, au fedha zake zilikwenda wapi? Mnunuzi hupunguza bei kwa kiasi gani, hata wachimbaji walazimike kushuka zaidi na zaidi ili wapate unga wa siku moja? Maswali haya hayahitaji kioo wala ndoto. Yahitaji mashahidi walioona. Inapopatikana bibi wa kushitakiwa, mwenye shimo hulala usingizi mzuri. Wengi hawalitazami jambo hili, nalo labda ndilo baya kuliko yote: mashitaka ya ulozi humwonea asiye na hatia na kumficha mwenye nayo, kwa kitendo kimoja.

Kuhusu watoto, sheria ya nchi imesema wazi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yaweka adhabu juu yake. Hata hivyo watoto waliofukuzwa kwao kwa sababu hiyo bado huonekana wakilala sokoni mijini. Wengine walishitakiwa kwa kuwa walikojoa kitandani, au kwa kuwa baba alipoteza kazi mwezi uleule walipoletwa nyumbani. Mwezi uleule: huo ndio ushahidi wote. Lakini katika mwezi uleule jogoo waliwika, treni ilichelewa, na nuru za supanova zisizohesabika zilipita juu ya nyumba hiyo zikitoka kwenye galaksi ambazo hakuna aliyezipa majina. Mambo yaliyofuatana hayakuzaana kwa kufuatana tu. Atakaye kusema kwamba moja limezaa jingine ni juu yake kuonyesha njia liliyopitia, kama wataalamu walivyoonyesha njia ya nikeli hadi kobalti na kobalti hadi chuma, kwa siku na kwa kipimo, kila mtu akiruhusiwa kuwakagua.

Itagaki aliyapata hayo yote yaanze kwa sababu aliijua picha ya zamani ya M101 vizuri, akaona kilichozidi. Waliokuwa na picha zao saa chache kabla walikuwa na nuru ileile, ila hawakuilinganisha na kitu. Penye matanga pia kuna mtu anayemjua bibi huyo tangu zamani: aliyeletewa uji naye alipougua, aliyezalishwa naye mtoto wake wa kwanza. Mara nyingi mtu huyo hukaa karibu na mlango akiogopa kusema, kwa maana atakayemtetea mlozi huitwa mlozi. Akisema, sauti yake ndiyo ushahidi wa kwanza wa kweli uliosikika usiku huo.

Mama wa marehemu hubaki na swali lake baada ya wageni kuondoka na moto kupungua. Waliobaki naye hawana la kumjibu. Hukaa chini pamoja naye, mmoja akiongeza kuni, mwingine akimfunika kitenge dhidi ya baridi, mpaka jogoo wa kwanza.